Kikombe cha Buluu cha Katekista

Katekista wetu wa Kadutu alikuwa na swali moja, na kwa ajili ya swali hilo nimemkasirikia sehemu kubwa ya maisha yangu. Aliliuliza kwenye matanga. Watu wakisharudi makaburini na kukaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, yeye alifika akichechemea, fimbo mkono huu, mtungi mdogo wa maji mkono ule, na kikombe cha bati cha rangi ya buluu kikining'inia kwenye mkanda wa suruali. Alisimama mbele ya mfiwa, akamimina maji, akakishika kikombe usawa wa kifua chake mwenyewe, halafu akauliza.

“Hii imekufundisha nini?”

Mfiwa alitakiwa kujibu. Akijibu vizuri, Katekista aliinamisha kichwa kukubali, akasema, “Basi kunywa,” na kikombe kikapokelewa. Kabla ya hapo mfiwa hakutia kitu kinywani. Nani aliweka sheria hiyo, hakuna aliyekumbuka. Haikuwa ya mababu zetu, na mapadri wenyewe sidhani kama waliijua. Ilikuwa ya Katekista na ya vichochoro vyetu vichache, lakini watu waliishika kuliko amri kumi.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sijui, na hata ningejua nisingemfanyia heshima hiyo. Nasema tu nilivyomwona miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, wakati cité yetu, yaani mtaa wa watu weusi, ilikuwa ikijaa watu kutoka milimani kuja kutafuta kazi mjini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake. Alivaa koti la Mzungu fulani aliyerudi kwao, lenye mikono mifupi kwake, na hakulivua hata jua lilipowaka. Mguu wake wa kushoto ulipinda chini ya goti kwa namna ambayo sisi watoto hatukuweza kuacha kuutazama.

Mguu huo aliusifu. “Huu muguu njo mwalimu yangu,” alizoea kusema, njo ikiwa ni “ndiyo” ya kwetu, akiupigapiga kwa fimbo. “Ilinifundisha kungoja.” Tulipomwuliza nani aliuvunja, alikasirika kidogo. “Haiko kazi yako kujua nani alivunja. Kazi ni kujua ilifundisha nini.” Baada ya hapo tuliimba wimbo wa kanisa, na mguu ukabaki bila historia.

Alikuwa na msemo wake mwingine: “Usitupe teso yako.” Kwake teso lilikuwa kama chakula, ukilimwaga umefanya dhambi. Ulikuwa huwezi hata kujikwaa kwa amani. Siku moja niling'olewa jino kwenye dispensari, nikarudi nyumbani shavu limevimba, damu ikinitoka mdomoni, nikakutana naye njiani. Badala ya pole nikaulizwa. Sikuweza kusema, mdomo ulikuwa umekufa ganzi, na yeye akasimama pale akingoja, ameegemea fimbo yake, kana kwamba hana pa kwenda. Mwishowe nikamwonyesha lile jino kwenye kiganja. Alilitazama, akacheka, akanishika kichwa. Ndiyo, alikuwa anacheka pia. Ningependa kusema hakuwa anacheka, ingenisaidia.

Watu walikuja kuwa mafundi wa majibu. Mmoja alijifunza kwamba maisha ni mafupi, mwingine kwamba duniani tunapita tu, mwingine kwamba alimpenda mtoto kuliko Mungu na Mungu hakupenda. Nakumbuka mwanamke aliyesema hilo la mwisho, jinsi alivyolisema akitazama kikombe, si akimtazama Katekista. Watu wazima walisikiliza majibu hayo na kuyapima njiani wakirudi kwao. “Jibu yake ilikuwa muzuri.” “Ya ule wa jana ilipita yake.” Mtu amezika mtoto asubuhi, na jioni anatolewa kasoro.

Ndipo likatokea lile la seremala. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mtu mpole, mwoga wa kusema mbele za watu. Mke wake alishikwa na homa ya mapafu, akawa taabani, na majirani wakaanza kuingia na kutoka kimyakimya. Seremala akaona matanga yanakuja, akapata hofu, lakini hofu yake kubwa ilikuwa ya swali. Akaanza kuzunguka kwa wanaume wenzake akiomba wamsaidie somo. Walimtafutia, wakampa lenye maneno mengi, juu ya mwanamke kuwa paa la nyumba na mwanaume kujifunza kulala chini ya nyota. Akawa analifanyia mazoezi nyuma ya nyumba, kwa sauti, mara nyingi, apate kulishika. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, na kitanda cha mgonjwa kilikuwa upande wa pili.

Mke alisikia yote. Alipona. Mama alisema alipona kwa hasira, na mimi naamini. Tangu siku ile seremala akiomba chakula, mke alijibu kwa utulivu, “Kwanza sema ile somo yako,” na alimfanya aiseme yote, mpaka kwenye nyota, kabla ya kumwekea bugali mezani. Cité nzima ilicheka. Katekista hakucheka. Alisema seremala alifanya vizuri kujitayarisha, kwamba wengi wanakutwa hawana kitu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mtu huyu haoni.

Lakini alikuwa na mema yake, na mema yake yananiudhi zaidi kuliko mabaya. Surua ilipoingia Kadutu, wenye miguu mizima walijifungia ndani na watoto wao. Yeye alipita mlango kwa mlango, akawabeba wagonjwa mgongoni mpaka dispensari, akipanda na kushuka vilima vyetu vya matope na mguu ule, mtoto mmoja baada ya mwingine. Hakumwuliza hata mmoja wao swali lake. Nilipomwambia nataka kusoma, wakati wasichana wengi walifundishwa kushona na kukunja mashuka tu, hakunicheka. Alinifundisha kwa mkaa juu ya kipande cha ubao, kwenye baraza lake, saa za mchana watu wengine walipolala. Haya ninayoandika nayaandika kwa herufi alizonipa yeye. Kila nikitaka kumtukana sawasawa, nakumbuka hilo.

Sasa nitasema juu ya baba yangu.

Baba alifanya kazi kwenye shantiye, yaani mahali pa ujenzi, kule Bagira, walipokuwa wakijenga zile nyumba mpya za matofali kwa ajili yetu watu weusi. Alichimba mitaro ya msingi. Msimu wa mvua udongo wa kule unakuwa mzito, unalegea kutoka ndani bila kuonyesha kitu juu. Wachimbaji walimwambia kapita, yaani msimamizi wao, kwamba mtaro umelowa tangu jana, waache ukauke. Kapita akaenda kumwambia Mzungu wa kampuni. Akarudi akasema kazi iendelee. Baba akashuka na wenzake. Ukuta wa mtaro ukaanguka upande wake. Wenzake walimchimbua kwa mikono, kwa sababu waliogopa kumkata kwa majembe, na walipomfikia alikuwa ameshakufa.

Hatukuletewa mtu wa kusema pole. Tuliletewa mwili, na blanketi.

Jioni ya mazishi Katekista alikuja. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama, nimeshika nguo yake. Mama alikuwa hajanywa maji tangu baba aletwe, midomo yake ilikuwa imepasuka. Katekista akamimina maji, akakishika kikombe kifuani. Niliyasikia maji yakigonga bati.

“Mama, hii imekufundisha nini?”

Mama akamjibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia.

“Imenifundisha kama budongo ilikuwa na mayi. Na balijua.”

Kila mtu kwenye mikeka alimsikia akisema kwamba walijua udongo umejaa maji. Katekista alitikisa kichwa polepole.

“Hapana, mama. Hiyo haiko somo. Hiyo ni hasira. Tafuta ndani.”

“Nilitafuta. Njo nimepata hiyo.”

“Tafuta tena.”

“Balijua,” Mama akasema.

Katekista alisimama na kile kikombe kwa muda mrefu. Niliona kikombe kinasogea kidogo kuelekea kwa Mama, maji yakamwagika kwenye koti lake. Nilidhani atampa. Mpaka leo bado nafikiri kwamba palikuwa na dakika moja ambapo angeweza kumpa. Lakini aliyamwaga yale maji chini, taratibu, mbele ya miguu ya Mama, akakining'iniza kikombe kwenye mkanda, akaondoka. Niliinuka nikaingia ndani, nikachota maji kwenye ndoo kwa kibuyu, mimi mwenyewe nikamletea Mama. Alikunywa yote mbele ya watu. Wanawake wawili wakainuka wakaenda zao.

Kuanzia hapo Mama akawa mwanamke asiyejifunza. Walimsalimu, ndiyo, lakini kwa haraka. Kwenye foleni ya maji walimwachia nafasi pana mno. Wakasema moyo wake ni mgumu, ndiyo maana amepigwa na Mungu. Na Katekista akaendelea kunifundisha kusoma kwenye baraza lake, na mimi nikaendelea kwenda, kwa sababu Mama alinilazimisha. “Chukua hiyo kintu yake ya maana,” aliniambia. “Ile ingine tumuachie.”

Mvua iliyofuata, Mama aliamka akatazama mawingu, akajifunika gunia kichwani, akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Alikwenda Bagira kwa miguu. Alifika kwenye shantiye wakati wanaume wanataka kushuka kwenye mtaro, akakaa chini kabisa, kwenye tope, mahali pa kushukia, akanyoosha miguu. Hakuna mwanaume wa kwetu anayeruka miguu ya mjane aliyekaa chini. Hata mlevi hafanyi hivyo. Wakasimama na majembe yao, wakatazamana, wakaanza kurudi nyuma. Kapita alipiga kelele, lakini naye alikuwa mtu wa kwetu, naye hakuruka.

Mama alikaa mpaka mvua ilipokatika, akakaa tena mpaka udongo ulipoanza kushika. Akarudi nyumbani amelowa, akapika. Mvua nyingine akaenda tena. Ikawa ndiyo kazi yake. Wachimbaji walianza kumngoja. Mawingu yakitanda juu ya ziwa, walianza kufanya kazi kwa uvivu wakitazama barabara ya mjini.

Watu wa siku hizi wakisikia habari hii wananiambia, “Unaona, mateso yalimkomaza mama yako.” Nataka kuwapiga. Mama alikuwa amekomaa kabla. Alikuwa mtu mzima, alijua kuimba, alijua kucheka, na baba alimpenda. Kama udongo ule usingeanguka angekuwa mkubwa vilevile, na angekuwa na mume. Alichokipata alikitafuta mwenyewe kwa miguu yake, kwenye tope, akikohoa. Yule aliyemwaga yale maji miguuni pake hakumpa. Wala kifo cha baba hakikumpa. Hilo silikubali, na sitalikubali hata nikiwa nimebaki mimi peke yangu.

Mzungu wa shantiye alichoka. Wakaja polisi, wakambeba Mama kutoka kwenye tope, wanne, kila mmoja kiungo chake, wakamfungia kwenye kituo. Majirani zetu wote walijua. Kati yao aliyekwenda ni Katekista peke yake. Alikwenda na mguu wake na koti lake, akasimama mbele ya kituo tangu asubuhi, kwenye jua, akikataa kukaa, mpaka ofisa wa kituo akachoka kumwona. Mimi nilikuwa nimekwenda naye. Nilikuwa karibu naye nikasikia alivyosema.

“Bwana, ule mama eko mukristu. Lakini huzuni iliharibu kichwa yake. Haelewe kintu anafanya. Mumurudishe kwa mutoto yake.”

Wakamtoa. Alimwokoa mama yangu, na alimwokoa kwa kumwita kichaa. Njiani kurudi Mama hakumshukuru wala hakumgombeza. Alitembea mbele yetu, na mimi nyuma nikamtazama yule mzee anavyochechemea, nikatamani aanguke. Mvua iliponyesha tena Mama akaenda Bagira, na polisi safari hii hawakuja. Mtu haendi kumfunga kichaa kila wiki. Basi lile neno nalo likamfaa, na hilo nalo sijamsamehe.

Miaka ikapita. Nilipata kazi ya kufua bandeji na kusaidia kwenye dispensari ya cité. Mjini wakaanza kusema juu ya uhuru, vijana wakawa hawavui kofia mbele ya Wazungu. Kwenye matanga, wafiwa wengine walianza kunywa maji bila kumngoja mtu. Katekista alikuwa bado anakuja, lakini alikuja amechelewa, na wakati mwingine alikuta vikombe vimeshazunguka. Nilimwona siku moja amesimama pembeni na mtungi wake, hakuna aliyemtazama. Nilifurahi. Nilifurahi kwa siku nzima.

Halafu akaanguka mgonjwa. Mke wake alikuwa ameshakufa, na watoto wao wote walikufa kabla ya kukua. Mchana mmoja, mawingu yamejaa, Mama alinifungia viazi vitamu na samaki wadogo wa ziwani kwenye jani la mgomba.

“Mupelekee Katekista.”

“Wewe unamupelekea chakula? Wewe?”

“Alikufundisha kusoma.” Alikuwa anajifunika gunia lake kichwani. “Mimi niko naenda. Inakuja kunyesha.”

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa natayarisha. Nilikuwa nimengoja miaka. Nilikuwa nimeamua kwamba nitamkuta amelala, nitasimama mbele yake kama alivyosimama mbele ya Mama, na nitamwuliza swali lake mwenyewe, kwa sauti yake ileile. Ningemwuliza, na ningengoja, na jibu lolote ambalo angetoa ningemwambia atafute tena.

Nilimkuta kwenye kitanda chake, koti limetundikwa kwenye msumari, mguu ule uko nje ya blanketi. Nyumba ilinuka homa. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Alifungua macho.

“Ni wewe. Mama yako eko wapi?”

“Alienda Bagira.”

“Angali anaenda?”

“Kila mvua.”

Alisikiliza bati. Nilikuwa nimefungua mdomo wangu kuuliza. Akaanza kusema yeye, akitazama juu.

“Mimi nilikuwa kijana bado. Tulikuwa tunabeba muzungu kwa kipoi, tunateremuka kule Mumosho, kuelekea muto Ruzizi.” Kipoi ni kile kiti walichobebwa Wazungu mabegani mwa watu. “Ilinyesha usiku muzima. Nikasema, njia iko na mayi, tungoje ikauke. Nilisema, binti. Nilisema mbele ya wote. Akatupigia kelele twende. Nikateleza. Ule muti ya kipoi ikaanguka juu ya muguu.”

“Alijua,” nikasema.

“Alijua.”

Mvua iliongezeka, ikabidi apandishe sauti, na kupandisha sauti kulimkohoza. Nilimngoja.

“Benzangu bakanibeba mupaka kwa misioni. Njia ilikuwa mbali, jua ikatoka, nilikuwa na kiu, ile kiu mutu anaweza kunywa matope. Padri moja akakuja na mayi kwa kikombe. Akakaa kwa kiti. Akaniambia, mutoto, kabla ya kunywa, niambie, hii imekufundisha nini? Nikamwambia nilisema njia iko na mayi. Akasema hapana, hiyo ni hasira. Tafuta.” Alipitisha ulimi juu ya midomo yake. “Nikatafuta. Nikasema, imenifundisha kungoja. Akafurahi sana. Akanipa.”

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Swali langu lilikuwa bado mdomoni, na sikujua nilipeleke wapi. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutosikia vizuri. Nilimkasirikia yule padri na kiti chake, na yule Mzungu kwenye kipoi. Na yeye nilikuwa bado nimemkasirikia, kwa sababu alijua ladha ya kiu ile, na bado akayamwaga maji miguuni pa mama yangu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa maneno hayohayo, bila heshima.

“Ni kweli,” akasema. “Kama jibu ya mama yako ilikuwa nzuri, basi yangu ilikuwa nini? Ningekuwa nimeishi na nini?” Akafumba macho. “Nipatie mayi kidogo.”

Mtungi ulikuwa sakafuni, na kikombe kilikuwa juu ya kifuniko chake, buluu yake imebanduka pembeni. Nilimimina. Nilimwinua kichwa kwa mkono mmoja, nikamsogezea kikombe kwa mwingine. Hakunywa. Midomo ilikuwa mikavu, maji yako mbele yake, naye alinitazama tu, bila kukigusa kikombe, na nikachelewa kuelewa anangoja nini.

Alikuwa anangoja nimwulize.

“Kunywa tu, Papa,” nikamwambia.